Haya ya Kifungua Mimba

Siku ya pili baada ya upasuaji, Sista Uduak alisimama mbele ya kitanda namba sita na kadi yake ya nyuso. Zilikuwa nyuso sita zilizochorwa kwenye mstari mmoja, wa kwanza ukicheka, wa mwisho ukibubujikwa na machozi, na kila mtoto wa wadi ya mifupa alitakiwa aoneshe kwa kidole uso unaolingana na maumivu yake. Wengine walirukia uso wa mwisho kabla hata sista hajafungua mdomo. Mmoja alikuwa ameutoboa kwa ukucha.

"Haya, mrembo," sista akasema. "Leo uso gani?"

Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Alilala chali ndani ya hogo la plasta lililoanzia chini ya chuchu, likazunguka kiuno, likashuka mguu wa kulia mpaka gotini na wa kushoto mpaka kwenye vidole, na katikati ya miguu kikawekwa kijiti cha kuitenganisha. Nyonga yake ya kushoto haikuwa mahali pake tangu kuzaliwa. Juzi madaktari walikuwa wameipasua, wakairudisha na kuikaza. Hakumtazama sista. Alimtazama bibi yake aliyekaa kwenye kigoda, tasbihi mkononi, kisha akanyoosha kidole polepole na kugusa uso unaocheka.

"Sifuri tena!" Sista Uduak akaandika kwenye chati. "Jamani, huyu ameumbwa kwa kitu gani?"

"Ameumbwa kwetu," bibi akajibu, wala hakuficha fahari yake. "Nyumba yetu haina watoto wa kupiga mayowe."

Bibi huyo nyumba nzima ilimwita Inna, maana yake mama, na hata mtoto alimwita hivyo. Mama mzazi, Talatu, alikuwa amesimama upande wa miguuni, uso kaugeuzia dirishani kana kwamba yaliyokuwa kitandani hayamhusu. Lakini kwa pembe ya jicho alikuwa akikitazama kidole cha mtoto kikirudi kutoka kwenye kadi, kikapanda mpaka sikioni, kikaanza kuivuta ndewe. Kikavuta na kuachia, kikavuta na kuachia.

"Na wewe mama yake," sista akamgeukia ghafla, "wewe unamwonaje?"

Talatu akavuta ncha ya mtandio akaziba mdomo. "Muulize Inna."

"Nimekuuliza wewe. Si wewe uliyemzaa?"

Wanawake wawili watatu wakacheka kando ya vitanda vya watoto wao. Talatu aliona masikio yakimchemka. Inna ndiye aliyemwokoa, au ndivyo wadi nzima ilivyoona.

"Sista, mtu haulizwi mambo ya kifungua mimba chake mbele za watu. Kwenu hamna haya?"

"Haya tunayo, mama. Na watoto pia tunao." Sista akabandika kalamu sikioni akaenda kitanda cha saba.

Talatu alijifungua mtoto huyo akiwa na miaka kumi na saba, na alipomwachisha ziwa tu akamkabidhi kwa Inna, kama inavyompasa mwanamke aliyelelewa. Kifungua mimba ni wa wakubwa. Mama yake hamwiti jina, hambebi mgongoni watu wakaona, hamfuti kamasi mkwe akiwa amekaa hapo. Wa pili ungeweza kumpakata hata sokoni, lakini wa pili alikuwa hajaja. Tena Danladi, mumewe, alikuwa amempa mtoto jina la mama yake mwenyewe, Rakiya, kwa hiyo jina hilo kwa Talatu lilifungwa kwa kufuli mbili, ya mtoto wa kwanza na ya mkwe. Watu walimwita mtoto Somo, yaani mwenye jina moja na bibi yake, na mtoto naye alimwita mama yake Talatu, kama walivyomwita watu wote uani.

Alichobakiwa nacho Talatu ni macho. Kwa miaka minne na nusu alimtazama mwanawe kwa kuiba, kupitia mlango wa jikoni, juu ya kinu, chini ya mtandio. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mtoto anapotembea bega moja linashuka. Alingoja miezi mitatu mtu mwingine aone, ili aseme. Walipoona walimpeleka kwa muunga mifupa, naye akauvuta mguu ule mara saba mbele ya wazee wa mtaa. Mtoto hakulia. Muunga mifupa akasema hajapata kuona mtoto wa kike wa namna hii, na Inna akampa kuku wawili badala ya mmoja.

Nyuma ya wadi kulikuwa na bomba moja na mstari wa wanawake wenye ndoo. Talatu alifulia hapo pamoja na Falmata, mama wa kitanda cha saba, ambaye mwanawe Modu alikuwa ameanguka kutoka juu ya trela la vitunguu akavunjika paja. Falmata alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeongea na kila mtu kama mtu aliyelelewa naye pamoja.

"Anaumwa," Talatu akauambia mtandio aliokuwa akiukamua.

"Nani anaumwa?"

"Wa kitanda cha sita."

Falmata akaweka mikono kiunoni. "Wa kitanda cha sita! Utadhani mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi."

"Falmata, usinicheke."

"Nacheka nisije nikalia. Haya, umejuaje anaumwa, na kila siku anachagua kile kiuso kinachochekacheka?"

"Akivuta sikio anaumwa. Akiwa na njaa anavuta nywele. Akiwa na usingizi ananyonya ncha ya nguo. Juzi na jana amelivuta sikio mpaka limekuwa jekundu."

Falmata akaacha utani. "Na hayo yote umeyajua wapi, wewe usiyemtazama mtoto?"

Talatu akainamia ndoo. Alikuwa akisuuza nguo iliyokwisha kutakata.

"Mwambie sista, basi."

"Inna yupo."

"Inna ana nini, bunduki?"

"Afadhali angekuwa na bunduki. Sema wewe, Falmata. Wewe si ndugu yetu, huna cha kuvunja. Leo dokta akipita, sema umemwona mtoto akikunja uso. Mimi nitakufulia nguo zako mpaka mtoke."

"Nguo zangu nitafua mwenyewe. Lakini mwenzangu, mficha maradhi..."

"Najua mwisho wake. Usiumalizie."

Dokta Bulus alipita saa nne asubuhi hiyo ya Jumatano, mikono nyuma, wanafunzi wanne wakimfuata. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Chupa ya mofini, ile dawa kali ya kuzima maumivu, ilikuwa imebaki moja katika wadi nzima, na alfajiri walikuwa wameletewa wavulana wawili wa ajali ya barabarani. Alisoma chati ya kitanda cha sita akainua nyusi.

"Sifuri, sifuri, sifuri. Siku mbili baada ya kupasuliwa nyonga?"

"Dokta," Falmata akadakia kutoka kitanda cha saba, "mimi nalala jirani. Huyo mtoto anaumwa. Anakunja uso watu wakigeuka."

Inna akaacha kuhesabu tasbihi. "Dada," akasema taratibu, "wako ana mdomo mpana, akiumwa unasikika mpaka barabarani. Mshukuru Mungu. Wangu mwachie mwenyewe."

"Nimesema nilichoona, mama."

"Umeona kwa macho ya nani?"

Dokta akainama. "Binti, unaumwa?"

"Hapana," mtoto akasema.

"Hata kidogo?"

Macho ya mtoto yakaenda kwa Inna yakarudi. "Hata kidogo."

"Shujaa," Dokta Bulus akasema, na alimaanisha. Akamgeukia Sista Uduak. "Huyu mwondolee mofini, abaki na panadoli ya maji. Tuwape wale wa ajali."

Walipoondoka, Inna alimaliza kwanza tasbihi yote. Kisha akasema bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Talatu, wadi hii ina joto. Kuanzia leo utakaa barazani. Ukileta chakula weka, utoke. Sitaki mambo ya nyumba yangu yafuliwe bombani pamoja na nguo."

"Ndiyo, Inna."

Alitoka mbele ya vitanda kumi na viwili. Alikuwa ametumwa na kufukuzwa mara nyingi maishani, lakini siku hiyo alijua ameongeza alichotaka kupunguza. Hata ile mofini aliyokuwa akipata mtoto imeondoka kwa ajili ya ulimi wake wa kuazima.

Alhamisi mchana Inna alienda kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Msikiti wa hospitali ulikuwa mbali, na miguu ya Inna haikuwa na haraka. Talatu aliingia na uji wa uwele na bajia za kunde, akaviweka kwenye kabati, akageuka atoke kama alivyoagizwa.

"Talatu."

Akasimama. Mtoto hakuwa amemwita mara nyingi maishani mwake, na kila mara ilikuwa kwa kutumwa na mtu.

"Kuna moto," mtoto akasema.

Talatu alitazama mlangoni. Falmata akajifanya kulala, akageukia upande wa pili. "Moto wapi?"

"Kwenye kisigino. Huku ndani. Mtu ameweka kaa la moto."

"Kisigino hawakukugusa. Walikupasua huku juu."

"Kaa liko kwenye kisigino." Jasho dogo lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alisema polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa ndoo.

"Umemwambia Inna?"

"Inna alisema jina hili ni lake, amenipa niazime. Alizaa watoto kumi na jina hili wala hakulia. Nikilia nitalichafua." Akashika ncha ya mtandio wa Talatu. "Usimwambie. Sema wallahi."

Talatu alikuwa na miaka ishirini na moja na nusu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kumwomba kitu. Hata angeombwa mkono wake, angeukata akautoa. "Wallahi," akasema.

Akainama kwenye vidole vitano vilivyochomoza mwishoni mwa hogo akavipuliza, akapuliza tena, kama anayepooza uji. Mtoto akafumba macho. Alipuliza mpaka akaona kizunguzungu, na aliposikia kandambili za Inna zikija akaruka mpaka dirishani akasimama akitazama nje kama mwizi.

Jioni ile yote alijizungusha mlangoni kwa wauguzi, akifika akirudi. Kiapo kilikuwa kimemkaba. Mtu anaapaje kwa Mungu kwa mtoto mgonjwa halafu akavunja kabla ya magharibi? Na akisema, aseme nini, mtoto anaumwa mahali asipopasuliwa? Watamcheka. Akajiambia atangoja mpaka asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa alipoingia na uji, mtoto alikuwa akitabasamu, tabasamu la kweli. Inna alikuwa akimchana nywele. Mtoto akangoja bibi ageuke kuchota mafuta, akamnong'oneza Talatu, "Moto umezimika."

Talatu alitoka barazani akakaa chini na kulia kwa furaha. Alimshukuru Mungu kwa kuwa hakuvunja kiapo. Alimpa Falmata bajia zake zote, na Falmata alipouliza kuna sherehe gani, akasema, "Wa kitanda cha sita amepona." Wakala pamoja wakicheka, na siku ile Talatu hakuchungulia dirishani hata mara moja, kwa kuogopa kuiharibu bahati yake.

Siku ya Jumapili Sista Uduak alifika kitanda cha sita akanusa. Akanusa tena.

"Nani ameacha chakula kioze chini ya kitanda?"

"Sisi si wachafu, sista," Inna akasema.

"Pua yangu haijasema wachafu, imesema chakula. Mwiteni huyo anayeleta sahani."

Talatu akaitwa kutoka barazani. Sista akampa tambara na ndoo ya dawa ya sakafu, na mbele ya watu wote, katika saa ya kutembelea wagonjwa, Talatu akapiga magoti akafuta chini ya kitanda. Hakukuwa na chakula. Sista akasema afute tena, kwa kuwa harufu bado ipo. Wageni wa kitanda cha tano wakanyanyua miguu yao apitishe tambara. Inna alitazama dari kwa aibu ya kuwa na mkwe wa namna ile.

Alipoinuka mara ya pili, uso wake ulikuja sawasawa na mguu wa mtoto. Nzi wawili walikuwa wakitembea kwenye ukingo wa plasta, wakiingia na kutoka karibu na vidole. Harufu ilikuwa hapo. Haikuwa ya chakula.

Talatu alibaki amepiga magoti, tambara likimdondoka maji kwenye nguo. "Sista," akasema, "mguu ukiwaka moto ndani ya hogo, halafu moto ukazima wenyewe, ni kupona?"

Sista Uduak, aliyekuwa ameshaanza kuondoka, alisimama. "Moto wapi?"

"Kisiginoni."

"Lini?"

"Uliwaka Alhamisi. Ijumaa ukazima."

"Anaota huyu," Inna akasema. "Alhamisi nilikuwa hapa mimi. Somo, mguu wako uliwaka moto?"

Mtoto alimtazama Talatu. Macho yalikuwa makubwa, yanaomba. "Hapana, Inna."

"Umeumwa?"

"Hapana."

Sista akafunua chati, akapitisha kidole kwenye zile sifuri. Vitanda vingine vilikuwa bado vinamngoja, na saa ya kutembelea ilikuwa inaisha. "Mama, hapa imeandikwa..."

"Rakiya anaumwa!"

Sauti ilimtoka Talatu kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga ukuta wa mbali ikarudi. "Imeandikwa nini? Mnamwandikia anacheka! Rakiya anaumwa tangu Jumatatu. Nimemzaa mimi, namjua. Rakiya anaumwa, mfungueni!"

Hata wale wageni waliokuwa wakisimuliana wakageuka. Mzee mmoja aliyekuja kutembelea kitanda cha pili akasema "Subhanallah" chini ya pumzi. Mke wa mtu kapiga kelele jina la mkwe wake akiwa uso kwa uso naye, mara mbili na tatu, kama anayeita mbuzi, na ndilo jina la kifungua mimba chake. Inna akainuka. Alivuta mtandio ukamfunika uso wote, akaokota kitita chake, akatoka akipapasa mlango kama kipofu. Mtoto alimfuata kwa macho mpaka alipopotea.

Walikata dirisha dogo kwenye plasta kwa msumeno unaonguruma. Dokta Bulus alikuja kutoka nyumbani, shati la kanisani bado limo mwilini. Kipande kilipotolewa, Sista Uduak aliweka mkono mdomoni. Kwenye kisigino palikuwa na doa jeusi, pana kama kifuniko cha soda, na pembeni nyama mbichi yenye usaha.

Dokta akakichunguza kisigino. Alipozungumza alizungumza na Talatu, na Talatu hakugeuza uso.

"Plasta ilibana hapa. Ikibana inachoma kama moto. Ndiyo njia ya mwili kupiga kelele. Ngozi ikishakufa, kelele zinaisha."

"Kwa hiyo Ijumaa..."

"Ijumaa ilikuwa imekwisha kufa."

"Na kama ningesema Alhamisi?"

Dokta alikuwa na nafasi ya kudanganya, na usoni ilionekana kwamba aliifikiria. "Alhamisi ningekuta wekundu tu, mama. Ningekata plasta, basi." Akavua miwani. "Nyonga itapona. Hiki kisigino ni kazi ya miezi, kusafishwa kila siku. Kitauma. Na mimi nilimnyima dawa mtoto huyu kwa kuwa hakulia. Kuanzia leo apewe kwa saa, alie asilie."

Talatu alikumbuka zile bajia za Ijumaa. Alikuwa ameshukuru, amekula, amecheka. Maumivu aliyoyasikia hapo hayakuwa na uso kwenye kadi yoyote, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Walimpa mtoto mofini, wakangoja, kisha wakaanza kuondoa usaha. Dawa ilipunguza lakini haikumaliza. Kibano kilipogusa ile nyama mbichi, mtoto aliyesifiwa na muunga mifupa na madaktari alifungua mdomo, na sauti ya miaka minne na nusu ikatoka kwa pamoja.

"Inna! Inna! Inna weee!"

Modu kitanda cha saba naye akaanza kulia kwa kumsikia. Talatu akamshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Niko hapa. Mama yako niko hapa."

"Sikutaki! Uliapa wallahi! Sikutaki wewe, namtaka Inna!" Akamsukuma kwa ngumi ndogo kifuani, na ngumi zile zilikuwa na nguvu.

"Nenda ukamlete," Falmata akasema nyuma yake, taratibu, machozi yakimtoka. "Mimi nitamshika. Nenda."

Inna alikuwa amekaa langoni kwenye ubao wa mwuza bajia, kitita mapajani, akingoja gari la kurudi kijijini. Mtandio ulikuwa bado umefunika uso. Talatu akapiga magoti kwenye vumbi, hatua tatu mbali.

"Inna, mtoto anakuita."

Inna akawa anakipapasa kitita chake.

"Umenivua nguo," Inna akasema hatimaye. "Hospitali nzima imeniona."

"Nimekuvua, Inna. Nisamehe. Anakuita wewe. Mimi amenikataa."

"Walikuta nini?"

Talatu akamweleza. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika kwenye Ijumaa, mkono wa Inna uliokuwa juu ya kitita ukaacha kutembea.

"Kumi nilizaa," bibi akasema kutoka ndani ya mtandio. "Wa mwisho alikaa siku tatu njiani. Wanawake walikuwa wakipita mlangoni wakisema, Rakiya ni chuma. Mpaka leo wanasema. Hakuna aliyeingia kuniuliza kama inauma." Akageukia upande wa wadi. "Anaita kwa kulia?"

"Kwa kulia, Inna."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

Inna akasimama. Magoti yalilia. Alimwachia Talatu kitita akibebe, akaenda mbele yake kwa haraka ambayo Talatu hakuwahi kumwona nayo.

Kelele zilisikika kuanzia barazani. Walipoingia mlangoni, mtoto akageuza kichwa akamwona bibi yake, na papo hapo kelele zikakatika. Alimeza. Akafuta uso kwa kiganja, upande mmoja na wa pili, akabana midomo mpaka ikawa myeupe.

"Silii, Inna," akasema. "Alikuwa Modu."

Sista Uduak akageuka pembeni. Inna aliketi kwenye kigoda chake, akafunua uso wake mwenyewe, na wote wakaona kwamba alikuwa amelia muda mrefu. Akamshika mtoto shavu.

"Lia, somo yangu."

Mtoto akatikisa kichwa. Alijua kujaribiwa ni nini.

"Lia. Mimi ndiye nasema. Jina halichafuki."

"Siumwi, Inna."

"Inna anakuruhusu. Lia."

"Siumwi hata kidogo." Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso, na kidevu kilimtetemeka, lakini hakuna kilichotoka. Inna alimwomba kwa mara ya nne, akambembeleza, akamwahidi kuku, akamwimbia. Mtoto alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile alilofundishwa, na bibi alilitazama kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua kutoka mbali.

Kisha mwanamke mzee akainua macho akamtazama Talatu, aliyesimama miguuni na kitita mikononi. Tangu amwozeshe mwanawe hakuwahi kumtazama hivyo.

"Anaumwa?" Inna akauliza.

Mtoto alikuwa akimtikisia Talatu kichwa, haraka haraka, macho yakimsihi. Usiseme.

"Anaumwa, Inna," Talatu akasema.

"Sana?"

"Sana."

"Basi mwambie sista, usiwe na haya."

Mtoto akageuzia uso ukutani. Shingo ndiyo pekee aliyoweza kugeuza ndani ya hogo lile. Talatu aliweka kitita chini, akamwendea sista, akaanza kumweleza, na mgongoni mwake hakusikia sauti yoyote.